Kiti Kilichotengenezwa kwa Macho

Viti vya bustani ninavyotengeneza Tunduma havijakatiwa mti hata mmoja. Nachukua mapaleti ya mbao ya kupangia mizigo yanayotupwa kwenye yadi za malori mpakani, matairi yaliyoisha ya gari ndogo, na kamba zilizochakaa za kufungia maturubai. Tairi mbili nazipandanisha, juu nazungushia kamba kuanzia katikati mpaka ukingoni, nyuma nasimamisha egemeo la mbao za paleti. Wenye baa na nyumba za wageni wanavipenda sana. Ukikaa unazama taratibu, na hamu ya kuondoka inakuisha. Nilijivunia huko kuzama, nikawa nawaambia wateja kwamba kiti changu kinamkamata mtu.

Baba alipotoka hospitali baada ya kiharusi, mguu wa kushoto ukiwa mzito, aliomba kitu kimoja tu: kukaa nje. Nyumba yetu iko Igamba, na ukiwa uani unaiona kahawa yake yote hadi inapoteremkia mtoni. Alitaka akae pale aiangalie, na mbuzi wa jirani wakiingia, anyanyuke mwenyewe na fimbo yake akawafukuze. Alilikazia hilo neno "mwenyewe". Kwa muda mrefu alikuwa ananyanyuliwa na kulazwa na watu, na alikuwa amechoka kushikwashikwa.

Nikasema kiti nitakileta mimi. Nilipoenda kumwona, nikatoa futi mfukoni nimpime kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, kama fundi yeyote mwenye akili zake. Mama alinidaka mkono.

"Rudisha hiyo kitu mfukoni! Mgonjwa hapimwi. Anayepimwa amelala kitandani ni nani? Si unajua?"

Nilijua. Kwetu, aliyelala akapimwa kwa futi ni marehemu, anapimiwa sanduku. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Msikilize mama yako. Wewe si fundi? Macho yako yanatosha."

Sifa ile ilinilevya. Nilirudi Tunduma nikatengeneza kiti kwa macho, yaani nilitengeneza kilekile cha baa, maana macho yangu yalishazoea wanywaji wenye magoti mazima. Nilimchagulia kamba za bluu ambazo hazijapauka, mbao nikazipiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzwa. Sijawahi kutengeneza kiti kizuri kama kile.

Tulikiweka chini ya mparachichi. Baba akakaa, akazama. Akapapasa kamba pembeni mwa paja lake, akasema, "Kizuri. Kizuri kweli, mwanangu." Nilifurahi hata sikungoja aondoke pale, nikawahi gari la kurudi mjini. Hilo linaniuma hadi leo. Ningengoja nusu saa tu, ningeona kwa macho yangu, hayo hayo yaliyosifiwa.

Baada ya hapo kila nikipiga simu naambiwa baba yuko ndani. Anasema jua kali. Jua kali Igamba, mwezi wa sita, watu wanashinda na masweta! Nami nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali. Mama ndiye aliyenifungukia mwishowe, kwa sauti ya chini ili baba asisikie.

"Siku ile alishindwa kunyanyuka. Alijaribu mpaka fimbo ikamponyoka. Tulimwinua watu watatu, na yule mwenye mbuzi alikuwepo. Hajatoka nje tena. Amenikataza nisikwambie, anasema utavunjika moyo."

Niliona aibu. Kukiinua kiti kile kwa miguu ya mbao za paleti ni kazi ya mchana mmoja. Lakini nilikuwa na oda ya nyumba ya wageni, nikamwambia mama ningekuja Jumamosi. Jumamosi ilipofika nikasogeza hadi Jumamosi nyingine. Ijumaa ya kuamkia hiyo ya pili baba akafariki, ndani, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jiko.

Ndugu walitaka kununua sanduku mjini, nikawakatalia. Niliingia chumbani na futi. Nikapima urefu, nikapima mabega, na kwa kazi ya sanduku hivyo vilitosha. Ila sikutoka. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaikunja shuka kidogo, nikapima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Inchi kumi na nane. Kiti changu kilikuwa na kumi na mbili, hilo sikuhitaji kwenda uani kulipima.

Nilipoinua kichwa nilimwona mama mlangoni, ananitazama na ile futi mkononi. Safari hii hakunikataza.