Nilivyopigwa Mwanga Usoni Karibu na Dot ya Divine

Niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa mtaa wetu wa Majengo, maana wao huongeza chumvi: yule dada wa bibi harusi ambaye wageni walisita kupokea kinywaji mkononi mwake ni mimi, na sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nimegombana na mtu, nilikuwa tu nimekwenda kupigwa mwanga usoni siku chache kabla ya dot ya mdogo wangu Divine.

Nina madoa meusi mashavuni tangu mimba yangu ya kwanza (mengine ni ya jua la soko, nauza vitenge, na mwavuli wangu unavikinga vitenge kuliko mimi). Miaka yote hayakunisumbua. Lakini siku ya dot, siku ya kuleta mahari, kwetu watu wa Masisi kuna kazi ya dada mkubwa: anabeba kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, anaonja kwanza yeye mbele ya watu wote ili ijulikane hakuna ubaya ndani, kisha anampa msemaji wa wageni, na mgeni akikataa kibuyu amekataa na nyumba. Wakati huo ukumbi mzima unatazama uso wako. Nikaona afadhali wautazame uso safi.

Nikaenda kwa Mama Chantal, mwenye saluni, ambaye alijifunza kazi hiyo Kigali. Siwezi kumsingizia, alinieleza kila kitu. Mashine inatoa mwanga mkali, doa jeusi linaunywa ule mwanga na kupata moto, halafu linavunjika na kutoka lenyewe, ila ngozi yetu nyeusi nayo inaunywa, kwa hiyo mtu anaanza na nguvu ndogo, anajaribu kwanza kipande kidogo karibu na sikio, anangoja wiki kadhaa aone. Tena si mara moja, ni kurudi na kurudi. Madoa ya mimba ni magumu, mengine hurudi. Na kabla hayajatoka yanakuwa meusi zaidi, kama machicha ya kahawa, na katika siku hizo hakuna jua, hakuna poda, hakuna mafuta ya kung'arisha.

“Lakini itatoka?” nikauliza.

“Itatoka, yaya,” akasema, akiniita dada mkubwa, “lakini si leo. Dot iko lini?”

“Samedi,” nikasema, yaani Jumamosi hiyo hiyo.

“Basi rudia kiisha dot, ikishapita.”

“Kiisha dot nitapendeza kwa nani?”

Akacheka, na nikajua nimemshinda. Alikubali mashavu tu, kwa nguvu ndogo, huku akisema shauri yangu. Nilivaa miwani myeusi, akanipaka kitu baridi kama uji uliolala, na kila mwanga ulipopiga ilikuwa kama mtu amevuta mpira wa nywele na kuuachia shavuni, na harufu kidogo ya unywele ulioungua. Nilitoka uso una joto kama niliyeinamia jiko la makaa. Nilifurahi sana.

Asubuhi ya dot nilijitazama kwenye kioo. Machicha ya kahawa ndiyo hayo, meusi, makavu, kila shavu.

“Yaya! Ni nini hii kwa sura?” Divine akapiga kelele.

“Ni madoa inatoka.”

“Inatoka? Mi naona njo kwanza inafika!”

Hapo mtu mwenye akili angempa shangazi kibuyu na kukaa nyuma. Mimi nikachukua poda, ile niliyokatazwa, nikapaka nene kama chokaa ya ukuta. Wageni walikuwa wanatoka Rutshuru na walichelewa, nasi tuliotakiwa kuwapokea tukasimama nje juani tukiwangoja (jua pia nilikatazwa, mnakumbuka), jasho likatiririka, poda ikapasuka vipande vipande, na kila kipande kilipodondoka kilifunua doa jeusi chini yake.

Wageni wakafika, tukaanza kuingia. Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na ndoo ya maji ya dawa ya kunawa mikono, na Papa Deo, mtu wa protokole wa kupokea wageni, na kipimajoto chake cha kulenga usoni. Akanilenga. Akatazama kipimo, akanilenga tena.

“Mama, uko na homa.”

“Si homa, papa. Ni sura tu iko moto.”

“Na hizi bintu kwa mashavu?”

“Ni taa.”

“Taa gani inaletea mutu vidonda?”

Alipima mkono, akakuta joto la kawaida, akaniacha nipite. Lakini nyuma yangu wageni walikuwa wamepanga mstari wa kunawa, na walisikia yote. Katika mji huu ambao umesikia habari za mpox, ule ugonjwa wa vipele, mpaka umechoka, mtu mwenye madoa usoni aliyeambiwa mlangoni kwamba ana homa hahitaji kuelezwa zaidi.

Ikafika saa ya kibuyu. Nikapiga magoti mbele ya msemaji wao, muzee mrefu mwenye kofia, nikaonja kwa mrija, nikamnyooshea. Muzee akaingiza mikono yote miwili mifukoni mwa koti.

Mjomba, aliyekuwa akisema kwa niaba yetu, akajikaza: “Muzee, kibuyu kinakungoja.”

“Kibuyu ninakiona. Ni sura ninauliza. Kule kwa mulango nimesikia huyu mama ana homa.”

Mwanamke mmoja upande wao akamvuta mtoto wake karibu. Nyuma ya pazia alikuwa Divine, amevaa, anangoja kuitwa, na anasikia kila neno kupitia vipaza sauti. Uongo ulikuwa tayari mdomoni (nilirukiwa na mafuta ya sambusa, ningesema), lakini Papa Deo alikuwa amesimama pale pale na alishasikia habari ya taa. Nikaomba maikrofoni.

“Muzee, siko mugonjwa. Nilienda kupigisha uso mwanga ili madoa itoke, nipendeze mbele yenu. Waliniambia itakuwa kwanza nyeusi. Sikusikiliza.”

Kisha bibi mmoja wa kwao akauliza, bila kuhitaji maikrofoni: “Walikuchoma kwa kupenda kwako?”

“Ndiyo, mama.”

Hata mapadri wawili waliokaa mbele walicheka. Muzee alingoja watu watulie, akatoa mikono mifukoni.

“Sisi ni wafugaji,” akasema. “Ng'ombe wa madoa kwetu tunamuimbiaka, hatumupelekake kwa taa. Mulete murija mwingine.”

Akaletewa mrija wake, akanywa, akavuta pumzi, akanywa tena. “Nyumba tumeikubali. Lakini huyu mumukalishe kwa kivuli, jua lisimumalizie.”

Divine akatoka nyuma ya pazia, mzuri kupita kiasi, machozi yamemjaa, akapita karibu nami akiniambia kwa meno yaliyofungwa: “Yaya, nitakuua kiisha photo.”

Machicha yalitoka wiki iliyofuata, kama Mama Chantal alivyosema, na baadhi ya madoa yamefifia kweli. Shavu la kushoto, lile lililotazama jua, limebaki na kipande cheusi kuliko mwanzo. Ameniambia kitachukua miezi, na hatanigusa kabla hakijapona. Sikumbishia. Mwenye kutaka mwanga huo na aende, ila aende wakati hana sherehe, hana safari, hana hata jirani wa kumtembelea, na akiambiwa kipande kidogo karibu na sikio, atoe sikio.

Sasa Divine anangoja mtoto, na tayari wanapanga ubatizo. Juzi alinipigia simu.

“Yaya, uko wapi?”

“Sokoni.”

“Sokoni kweli, si kwa Mama Chantal?”

Nikamwinulia simu asikie wanunuzi wakibishana. Ubatizoni nitakwenda na uso huu huu, nimeuosha kwa sabuni.