Shusha Tundu Moja

Jumamosi ya tarehe 13 Machi 2004, Ziwa Basotu lilimchukua Paulo, dereva wa boti ya doria, ndugu wa mke wangu wa tumbo moja. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Mashine ya boti ile niliifunga mimi, na maneno aliyoyafuata Paulo asubuhi hiyo niliyaandika mimi. Vijana wa kazi hii huniuliza namna ya kuipa boti mwendo. Nitawaeleza yote ninayoyajua, lakini siwezi kuyaeleza bila hilo.

Niliajiriwa Mbulu tulipokuwa bado Mkoa wa Arusha, fundi msaidizi wa mitambo mwenye darasa la saba na kozi ya miezi sita. Siku ya kwanza Fundi Mkuu hakuniuliza jina. Alinipeleka kwenye pampu ya maji, akaiwasha, akaniambia nisikilize. Tulisikiliza mpaka miguu ikauma. Mwishoni akasema, "Kama hujaisikia inasema nini, usiifungue." Hilo ndilo somo lote alilonipa mwezi ule.

Siku zile kipuri kilitoka stoo ya serikali kwa fomu, nawe ulikingoja mpaka ukakisahau. Baadaye biashara ikafunguliwa. Nilipohamishiwa Katesh nilikuta maduka yenye kila kitu, beringi, plagi, mikanda, na muuzaji anayekuapia kwamba kitafaa. Vilifika haraka. Tatizo ni kwamba vingi vilitengenezwa kwa ajili ya mahali pengine, na sisi tuko juu milimani.

Bosi wangu wa Katesh kwa shughuli za ziwa alikuwa Afisa Uvuvi, ambaye watu wote walimwita Bwana Samaki. Alikuwa na boti ya mbao ndefu na mashine ya nguvu za farasi ishirini na tano, ile inayoning'inia nyuma ya boti. Wavuvi wa kokoro, yaani nyavu za kukokota zinazozoa hata vifaranga vya samaki, walimwona akitoka bandarini, wakakunja nyavu zao bila haraka na kuingia kwenye matete. Alipofika walikuwa wameshaota moto. Aliniita akaniambia anataka mwendo, na hakutaka maelezo.

Nilianza na propela. Kila propela ina namba iliyogongwa kwenye chuma, na namba hiyo hueleza ni inchi ngapi ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Yetu ilikuwa ya kumi na tatu, kama walivyoizoea wauzaji wa pwani. Lakini Basotu iko juu, hewa yake ni nyepesi, na mashine inayovuta hewa nyepesi hukosa nguvu. Ile namba kubwa iliielemea. Niliisikia ikiguna kama ng'ombe aliyefungwa jembe kwenye udongo mkavu, haifikii mizunguko yake. Nikaagiza ya kumi.

Bwana Samaki aliigeuzageuza mkononi. "Mimi nimeomba mwendo, wewe unaniletea namba ndogo?"

Paulo akamwambia asiwe na wasiwasi, shemeji yake amezoea kununua suruali fupi ili akimbie vizuri. Tulicheka. Tulipima kati ya mawe mawili ya ufukweni, kwa saa ya mkono ya Paulo, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi ili upepo usitudanganye. Propela ndogo ilishinda kila mara. Mashine iliacha kuguna, ikaimba. Bwana Samaki alikaa mbele ya boti akiwa amekunja mikono kama mtu aliyeivumbua mwenyewe.

Halafu kimo. Juu ya propela kuna bamba pana la kuzuia hewa isivutwe kutoka juu ya maji. Unalaza ubao ulionyooka chini ya kitako cha boti na kuangalia bamba liko wapi. Likiwa chini mno, mashine inakokota maji bure. Likiwa juu mno, propela inakamata hewa badala ya maji, hasa kwenye kona. La kwetu lilikuwa vidole vinne chini ya ubao. Nikapandisha mashine kwa tundu moja, mwendo ukaongezeka.

Hapa nawaomba msome polepole. Matundu yako kwenye mkono wa mashine, yamepangwa juu na chini, na bolti imepita kwenye ubao wa nyuma wa boti, ambao hausogei. Kwa hiyo ukitaka mashine ipande, bolti unaiingiza kwenye tundu la chini. Ukitaka ishuke, unaiingiza kwenye tundu la juu. Tukisema shusha, sisi mafundi tulitaja mashine. Madereva walitaja tundu. Tulifanya kazi pamoja miaka na hatukuwahi kutambua kwamba tunasema vitu viwili, kwa sababu siku zote mimi ndiye niliyeshika spana.

Bwana Samaki alionja mwendo akataka zaidi. Aliniagiza nipandishe tena. Nilijua si sawa. Tulipojaribu, kwenye mstari ulionyooka boti iliruka vizuri, lakini kwenye kona mashine ilipiga kelele ya kuzunguka hewani na boti ikalegea, na maji ya kupoza, ambayo sisi huyaita mkojo wa mashine, yakawa yanakatika. Nilimwambia. Alisema tuache hivyo mpaka wiki ijayo tuone. Nilikubali. Ningeweza kukataa, hakuna ambaye angenifukuza kwa hilo. Nilikubali kwa sababu nilifurahia kusifiwa.

Siku mbili baadaye niliitwa Dongobesh kwa pampu iliyokufa. Kule kelele ile haikuniacha. Ijumaa niliandika kwenye karatasi: "Paulo, kesho kabla hujatoka shusha tundu moja. Usisahau. Shemeji." Nikampa kondakta wa basi. Nililala vizuri. Nakumbuka hivyo, nililala vizuri sana.

Habari ilinifikia Jumamosi jioni nikiwa naosha mikono kwa mafuta ya taa. Aliyeileta alisema boti imepinduka Basotu, dereva amekufa. Nikamuuliza dereva gani. Palikuwa na dereva mmoja tu.

Nilifika Basotu Jumapili. Mlinzi wa ziwa, aliyekuwa na Paulo kwenye boti, alinusurika kwa kukumbatia tangi la mafuta. Alieleza kwamba mawimbi yalikuwa madogo. Viboko walitokea mbele, Paulo akakata kona kuwakwepa, mashine ikapiga kelele na boti ikasimama kama iliyoshikwa. Kiboko mmoja aliinua ubavu wa boti. Hayo tu. Alirudia mara nyingi kwamba yalikuwa hayo tu.

Boti walishaivuta nchi kavu. Nikainama nyuma yake kuangalia. Bolti ilikuwa kwenye tundu la mwisho la chini. Mashine ilikuwa imepanda zaidi ya nilivyoiacha. Nilihesabu matundu kwa kidole. Nikahesabu tena. Kisha nikaelewa, nikakaa kwenye matope.

Bwana Samaki alikuja akasimama karibu. Alisema kwa upole kwamba Paulo alifanya kama alivyoagizwa. "Nilimwona mwenyewe. Alinisomea karatasi yako, akaniachia, akatoa bolti, akaishusha tundu moja." Halafu aliitoa karatasi mfukoni mwake akanipa. "Tumeiona mimi na wewe. Watu wanasema ni kiboko, na ni kweli ni kiboko. Iache hivyo, fundi."

Niliweka karatasi mfukoni.

Tulimzika Nambis, nyumbani kwao. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, mke wangu ameegemea bega lake. Baada ya sala, wazee walipokuwa wakiwashukuru watu, niliomba kusema. Nikasoma karatasi. Nikaeleza tundu na bolti, nikaonyesha kwa viganja, kimoja ubao, kingine mashine. Nilieleza pia ile kona niliyoinyamazia. Nilisikia ng'ombe wakitafuna zizini.

Mama mkwe hakuangalia karatasi. Aliangalia viganja vyangu.

"Kwa hiyo alikutii," alisema.

"Ndiyo, mama. Alinitii."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Dongobesh."

Kisha akasema, "Neno la namna hiyo halipandi basi. Unalipeleka mwenyewe."

Hakuna aliyeniambia niondoke. Mke wangu alibaki kwa mama yake mpaka maharage yalipovunwa. Sikumfuata kumhimiza. Siku aliyorudi aliweka mzigo chini, akaniuliza kama nimekula.

Nilifanya kazi miaka kumi na miwili zaidi. Mashine zote za wilaya nilizozipima kimo, mkono wangu ndio uliotia bolti. Simu zilikuja, kila fundi akawa anaelekeza akiwa kitandani, nami nikawa kichekesho cha karakana. Meneja wangu wa mwisho alinitania mbele ya wenzangu kwamba mimi peke yangu nachoma lita tano za petroli kupeleka neno moja. Sikumweleza.

Nawaambia ninyi: anzeni na propela, sikilizeni mashine, pimeni kwa ubao ulionyooka, na jaribuni kwenye kona, si kwenye mstari ulionyooka tu. Mengine mtayapata kwenye vitabu.

Wiki yangu ya mwisho kazini dereva mpya wa Basotu alipiga simu. Mashine inapiga kelele kwenye kona, abadilishe tundu gani? Nikamwambia asiguse kitu na asitoke. Nilipanda pikipiki Katesh saa tatu asubuhi, mvua ikanikuta njiani, nikafika nimeloa. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia. Nililaza ubao, nikatoa bolti, yeye akaishikilia mashine ikashuka, nami nikaitia bolti tundu la juu nikakaza.

"Mzee, kumbe ni hilo tu?" alisema. "Si ungeniambia kwenye simu?"

Nikamwambia aiwashe, na tukaingia majini pamoja tukate kona.