Alichokikata Fundi Mstari Pambizoni

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla hata hajafungua dirisha, Fundi Mstari anainamia Biblia iliyolala mezani na kuinusa. Anavuta pumzi, anatikisa kichwa, anacheka peke yake.

"Hii inakaa jikoni," anasema. "Mwenyewe anasoma huku anakaanga vitunguu."

Anaigeuza na kupitisha kidole gumba kwenye pembe ya chini ya kurasa. Pameingia weusi. Anaridhika.

"Biblia ziko za aina mbili, ya kubebwa na ya kusomwa. Ya kubebwa inachakaa jalada, ndani nyeupe kama siku iliyotoka dukani. Ya kusomwa inapiga weusi hapa, panapofunuliwa. Mtu hawezi kunidanganya. Mchungaji mwenyewe hawezi kunidanganya."



Amejalidi vitabu kwa miaka ishirini na sita katika chumba hiki kimoja. Ana meza, kopo la gundi, sindano ndefu, vyuma vya kubania, na mashine ya kukatia karatasi yenye mkono mrefu uliong'arishwa na kiganja chake. Zamani alifunga vitabu vya shule na madaftari makubwa ya maofisini. Shule zimepunguza, ofisi zimehamia kwenye kompyuta. Zimebaki Biblia, nne kwa wiki, wiki nzuri sita.

Juu ya mashine ametundika kipande cha boksi chenye maandishi ya mkono: NIKATE AU NISIKATE?

Ndilo swali analomuuliza kila mteja. Kitabu kilichoshonwa upya hutoka na kingo zisizo sawa, na fundi hupunguza kidogo ili zinyooke. Lakini watu huandika mambo yao pembezoni mwa Biblia: mtoto kazaliwa lini, baba kazikwa lini. Kwa hiyo hakati bila ruhusa.

"Katika miaka yote hiyo nimesahau kuuliza mara moja tu," anasema. Kisha anajisahihisha. "Sikusahau. Sikuuliza."

Jina la Fundi Mstari alipewa kanisani. Mtu akisimama kusema Bwana amemwonyesha jambo, yeye huinua kidole kutoka benchi la tatu: "Mstari gani?" Kwake Mungu alishasema, yakaandikwa, yakashonwa na kutiwa jalada. Anayetaka kusikia zaidi, asome zaidi. Kila Alhamisi jioni aliongoza darasa la Biblia, na kuna wakati watu thelathini na wanne walibanana kwenye mabenchi kumsikiliza.

Kisha mdogo wake akaitwa.

Huyu ni kitinda mimba wa kwao, mwanamke wa miaka hamsini na moja anayefua na kukunja mashuka katika hospitali. Kaka yake bado anamwita "we mtoto". Alisoma madarasa manne, na mpaka leo anasoma kwa kidole, midomo ikicheza.

Miaka minne iliyopita, mwezi mmoja baada ya kumzika mumewe, alikuwa anakunja mashuka peke yake mashine zikiwa zimezimwa. Akasikia akiitwa kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mama yao tu alilitumia. Kisha maneno mawili: "Bado nipo."

"Niligeuka nikidhani ni mlinzi," anasema. "Nikaona mashuka. Nikakaa juu yake nikalia mpaka nikayalowesha, ikabidi niyafue upya."

Aliyasimulia kanisani Jumapili iliyofuata, kwa sauti ndogo, bila madoido. Watu walilia. Kutoka benchi la tatu kidole kikapanda.

"Mstari gani? Imeandikwa wapi?"

"Sijui, kaka. Wewe ndiye unayejua mistari."

Watu walicheka. Hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, lakini Fundi Mstari alikwenda nacho nyumbani na kulala nacho.

Wanawake wawili waliofiwa wakaanza kwenda nyumbani kwa dobi huyu kila Jumatano, kukaa naye tu na kuomba. Wakawa watano, wakawa ishirini, viti vikahamia uani. Darasa la Alhamisi likapungua hadi watu saba, mmoja wao akiwa mke wa fundi, ambaye asingeweza kukwepa.

"Nilihesabu viatu mlangoni kwake," fundi anakiri. "Nilijifanya napita. Jozi ishirini na mbili. Nikarudi nyumbani nikasema kichwa kinaniuma."

Mkewe hakumwonea huruma. "Nilimuuliza, unamwonea wivu mdogo wako au unamwonea Mungu? Akaniambia nimpe chai."

Anachokisema baadaye anakisema taratibu, mikono ikiwa imetulia juu ya meza. Ameisoma Biblia kutoka mwanzo mpaka mwisho mara kumi na tisa. Anaweza kutaja sura kabla hujamaliza sentensi. Na hajawahi kusikia hata mtu akikohoa.

"Ningeitwa jina mara moja tu. Si lazima niambiwe neno. Niitwe, nigeuke, nione mashuka. Kwa nini yeye? Yeye hata Hesabu na Kumbukumbu la Torati hajui ipi inatangulia."

Mwaka jana, kabla ya mvua, mdogo wake alimletea Biblia yake. Jalada lilikuwa limeng'oka. Akaiweka mezani akasema, "Nitengenezee, kaka, ila usinicheke," kisha akakimbilia zamu.

Fundi Mstari aliichukua akiwa na hakika kwamba ni Biblia ya kwapani. Akaifungua. Pembe za chini zilikuwa nyeusi, si kidogo, nyeusi tititi, karatasi kwa karatasi mpaka katikati ya kitabu. Akaleta ya kwake kutoka nyumbani akaziweka bega kwa bega. Ya kwake ilikuwa safi zaidi.

"Nilihisi nimeibiwa," anasema. "Sauti alipewa yeye. Basi, nikajiambia, mimi nimebaki na Kitabu. Kumbe na Kitabu pia ni chake."

Aliona kuna maandishi ya penseli chini ya kila karatasi yenye weusi. Anasema alijiambia ni uchafu. Hakusoma. Aliishona Biblia vizuri sana, pengine kuliko yoyote aliyowahi kushona, kisha akaiweka chini ya mashine na kuvuta mkono. Akakata nusu kidole pembeni na nusu kidole chini. Weusi wote ukaondoka. Kingo zikatoka nyeupe.

"Nilitaka ionekane mpya."

Mpya, anaulizwa, au kama ambayo haijasomwa?

Anasugua gundi iliyokauka kwenye kucha. 

Mdogo wake alikuja Jumamosi kuichukua. Alipoifungua hakupiga kelele. Alifunua ukurasa mmoja, akafunua mwingine, akaanza kufunua harakaharaka.

"Kaka, vimekwenda wapi vya kwangu?"

"Vipi?"

"Nilivyoandika huku chini. Sasa nitajuaje nimefika wapi?"

Ndipo akamweleza. Siku ile alipoulizwa kanisani imeandikwa wapi, hakuchukua kama kejeli. Alichukua kama kazi. Kaka yake ni msomi, kama anasema lazima iwe imeandikwa, basi ipo mahali. Akaanza Mwanzo, sura ya kwanza, akisoma kwa kidole kila jioni akitafuta yale maneno mawili. Akimaliza karatasi anaandika chini tarehe na neno: "Si hapa." Miaka mitatu. Si hapa, si hapa, si hapa.

"Nilitaka siku moja nije kwako nikwambie, kaka, mstari ni huu," anasema mdogo wake. "Nilikuwa nakutafutia wewe. Mimi nilishasikia."

Aliiacha Biblia yake nyeupe mezani akaondoka. Hakurudi kwa wiki tatu, na Jumapili alihama benchi.

Vipande vilivyokatwa vilikuwa bado kwenye gunia chini ya meza, vimechanganyika na vya wateja wengine. Fundi Mstari alifunga mlango, akamwaga gunia sakafuni, akapiga magoti. Kwa siku kumi na tisa alichambua. Karibu vyote viliandikwa jambo lile lile, tarehe tu ndizo zilizotofautiana, na kwa tarehe hizo akavipanga. Pale ambapo mashine ilikata herufi katikati, nusu ilikuwa kwenye kipande na nusu ukurasani. Alipata vipande mia tatu na saba. Vinne havikuonekana.

Anasema hapo chini sakafuni ndipo alipomsoma mdogo wake kwa mara ya kwanza. Kuna "si hapa" iliyoandikwa siku ya msiba wa jirani. Kuna "si hapa, nimechoka". Kwenye orodha ndefu ya majina ya watu, kuna "si hapa, lakini kaka atakuwa anawajua hawa wote".

Alivibandika kimoja kimoja kwa karatasi laini inayopitisha mwanga. Biblia ikatoka nene na mbaya, kingo zimejaa mabaka. Akaipeleka mwenyewe, Jumatano, akapita katikati ya viti vya uani mbele za watu.

"Nimekukata bila kukuuliza," alimwambia. "Vinne nimevipoteza."

Mdogo wake aliipapasa ile Biblia muda mrefu. "Hivyo vinne tutavisoma tena," akasema. "Lakini wewe, kaka, hata malaika ungemdai kitambulisho."

Tangu hapo Alhamisi wanasoma wawili mbele ya darasa. Kaka anasoma kwa sauti, mdogo anasikiliza amefumba macho. Mwisho wa kila karatasi kaka anamtazama, na yeye anatikisa kichwa. Fundi Mstari analamba ncha ya penseli na kuandika tarehe. Watu wamefika kumi na watatu. Jumatano viti bado vimejaa, na anakubali kwamba bado anavihesabu.

"Wivu haujaniisha. Akifumba macho vile namtazama, najiuliza anaona nini. Mimi nikifumba naona giza."

Wamemaliza Mithali na vitabu viwili vifupi vinavyofuata, wanaingia Isaya wiki ijayo. Kwa mwendo huu anakadiria watafika mwisho baada ya miaka mitatu, na amekwisha kuweka penseli kumi na mbili kwenye droo. Wasipoupata mstari, anapanga waanze tena kutoka Mwanzo, huenda walipitiwa.

Na wakiupata?

Anainua mkono wa mashine, anaufunga juu kwa kamba, na kuketi mbele ya Biblia inayonuka vitunguu.

"Sina haraka," anasema. "Kila nikimaliza karatasi kuna kimya kidogo, kabla hajatikisa kichwa. Siku hizi na mimi nasikiliza."