Mtasema Aenda Bichi

Khamala hupiga picha Kawangware, katika chumba cha mabati chenye pazia lililochorwa bahari, minazi na mchanga mweupe. Mchanga huo unashuka mpaka sakafuni, kwa hiyo mteja anaukanyaga. Siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu, lakini bahari hana, ndiyo sababu watu bado wanamfuata, hata kutoka Kibera.

Filister alitoka Gatwekera, huko Kibera, kwa miguu, akimvuta mbwa kwa kamba. Mjukuu wake, Audrey, alikuwa amelazwa hospitalini, amevunjika mguu. Mbwa alipopotea, Filister alimwambia mtoto kwamba ameenda bichi Mombasa na mjomba wake Obiero. Sasa mbwa alikuwa amerudi, amekonda, lakini Audrey hakusadiki. Alisema mbwa amekufa na wote wanamdanganya. Alitaka picha ya mbwa akitembea bichi. Mpaka aione, hali kitu.

"Tangu jana ni maji tu," Filister alimwambia Khamala. "Nisaidie, baba."

"Mama, hapa nimepiga maharusi, nimepiga hata mbuzi. Mbwa ni nani?"

Lakini mbwa aliketi, akampa Khamala mgongo, akatazama mawimbi. Filister akaita kwa nguvu, "Mtasema! Mtasema!"

Mwanamke aliyekuwa mlangoni akingoja picha za pasipoti akageuka. "Tutasema nini, mama? Kwani mimi nimefungua mdomo?"

"Pole, ni jina la mbwa."

Kwa kina Filister, kule ziwani, mtu mwenye majirani wa maneno mengi humpa mbwa jina la kuwajibu, kisha jioni humwita kwa sauti, kila nyumba isikie.

"Haya, nimejibiwa bure," mwanamke akasema akicheka. Akafungua mfuko wake wa sokoni, akatoa omena, visamaki vikavu. "Jaribu hizi. Paka wangu huacha usingizi kwa hizi."

Khamala akazitupa moja moja juu ya mchanga, kuanzia kwenye minazi kuelekea majini. Mtasema akainuka. Akatembea akila, mkia juu, na Khamala akapiga picha bila kupumua. Akaituma kwa simu ya mama yake Audrey, wodini.

Filister alikaa kwenye ukingo wa benchi, simu mapajani. Mwishowe ikalia.

"Dani," mtoto akamwambia bibi yake, "nimemwona! Ata lile sikio lake lililokatika. Lakini mbona anakula mchanga?"

"Ni samaki, Audi. Bichi kuna samaki."

"Kumbe!" Kisha sauti ikasogea mbali na simu: "Mami, leta huo uji."

Filister hakukata simu. Alisikia kijiko kikigonga kikombe, kikagonga tena. Akaegemea mabati, akavua viatu, akanyoosha miguu mpaka mlangoni. Mwenye pasipoti akairuka, akaingia kupigwa picha zake, na Filister akabaki pale pale, simu sikioni, akingoja kikombe kiishe.