Mtu wa Kusema Naye

Zeferina alikuwa na miaka minane alipofika Rwamgasa, kijiji cha wachimba dhahabu, amemshika mkono mdogo wake Nelito ambaye alikuwa hajatimiza minne. Walitoka Montepuez, Msumbiji, walikozaliwa. Aliyewaleta ni baba yao, Mihayo, Msukuma aliyekwenda kule kuchimba rubi akakaa miaka kumi. Mama yao alikuwa amefariki kwa homa. Kwa desturi ya Wamakua, watu wa mama yao, watoto ni wa upande wa mama, lakini bibi yao alikuwa hajiwezi, macho yamekwisha, akasema heri waende na baba yao kuliko kukaa na mtu wa kulelewa.

Jambo ambalo Mihayo hakuwaambia njia nzima ni kwamba Rwamgasa alikuwa na mke. Mama Thobias alikuwa mwanamke wa makamo ambaye watoto wake walishakua wakatawanyika. Habari za wageni wale alipewa kwa simu siku mbili kabla. Hakuwatukana wala hakuwapiga. Aliwachemshia maji ya kuoga, akawatandikia mkeka, akawawekea michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Zeferina aliitazama asijue inaliwaje. Kusema na mama yule hakuweza. Yeye alijua Kimakua na Kireno kidogo cha shuleni. Mama yule alijua Kisukuma na Kiswahili. Mihayo alikuwa na Kimakua cha kununulia samaki, na baada ya majuma mawili alirudi machimboni, nyumbani akawa anaonekana Jumapili tu.

Shuleni walimweka darasa la kwanza na watoto waliomfika kifuani. Walimwita Mreno. Mwalimu aliandika jina lake Zefelina, kama alivyolitamka, naye hakujua namna ya kumsahihisha, akaliacha. Mapumziko alikaa ukutani peke yake mpaka kengele ilie.

Aliyemsubiri ni Nelito. Jioni, akimwogesha nyuma ya nyumba, alimsimulia habari za mama yao na bibi yao kwa Kimakua, na mtoto alijibu huku sabuni ikimwingia machoni. Hapo ndipo Zeferina alipokuwa akijisikia mtu.

Lakini Nelito alicheza na watoto wa jirani kutwa nzima, na mtoto mdogo hashindwi na lugha. Haikufika miezi minane akawa anaimba Kisukuma na kugombana kwa Kiswahili. Siku moja Zeferina alimwambia alete maji. *Maasi*, alisema, neno ambalo Nelito alilijua tangu akinyonya. Nelito akamwangalia, kisha akakimbilia jikoni.

"Mama," akamwambia Mama Thobias, "dada anasema yale maneno yake."

Maneno yake. Zeferina alikuwa ameshajua Kiswahili cha kutosha kuelewa. Alikwenda kuyachota maji mwenyewe. Tangu siku hiyo alimwogesha mdogo wake bila kusema kitu.

Mwaka wa pili, alipokuwa akimpelekea baba yake chakula, alipita karibu na karasha la kusagia mawe akasikia mwanamke akizungumza kwa simu. Mashine ilikuwa ikinguruma, lakini masikio yaliyonyimwa kitu muda mrefu hukisikia kwa mbali. Kilikuwa Kimakua. Alisimama na chakula mkononi mpaka mazungumzo yakaisha, kisha akamwamkia kwa lugha hiyohiyo.

Mwanamke yule aliitwa Melania, mtu wa Masasi, aliyekuja kuwapikia wachimbaji. Kimakua chake kilikuwa tofauti kidogo, maneno mengine yaliwachekesha wote wawili. Alimuuliza ukoo wa mama yake. Zeferina akautaja.

"Huo hata kwetu upo," Melania alisema. "Kaa hapo, mwanangu, ule."

Kwa miezi mitano Zeferina alipita hapo kila akitoka shule. Aliosha sahani na kusema. Alisema habari za nyumbani, za kaburi la mama yake, za mvulana mmoja mwembamba darasani aliyekuwa akimficha kalamu. Melania alikata vitunguu akiitikia. Kisha zikaja habari kwamba dhahabu imetoka upande wa Segese, na wachimbaji wakahama kama nzige. Melania alifunga sufuria zake siku ya shule. Zeferina alipofika alikuta mafiga na majivu.

Jioni ile hakula. Mama Thobias aliondoa sahani, akarudi, akakaa naye kwenye mkeka.

"Yule mama wa chakula amehama?"

Zeferina alishtuka. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilijua unakwenda kwake tangu siku za mwanzo," Mama Thobias alisema. "Watu waliniambia nikukataze, kwamba hutazoea hapa. Sikuweza. Ulikuwa unarudi na uso mwingine."

Akamfunika mtoto khanga mabegani, na wakakaa hivyo, kila mmoja na lake, mpaka Nelito alipokuja kuomba maziwa.

Sasa Zeferina ana miaka kumi na mitatu. Mama Thobias humwita *ng'wanone*, mwanangu, naye huitikia bila kusita. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kisukuma kiasi kwamba mgeni hawezi kujua katoka wapi. Hakuna anayemwita Mreno tena. Melania hakupiga simu.

Akienda kufua peke yake husema Kimakua, akijiuliza na kujijibu. Juzi alikuwa akijisimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akimkanda kiwiko alipoanguka, na lilipofika neno kiwiko akakuta halipo. Alilitafuta mpaka nguo zikaanza kukauka juu ya majani. Alijaribu hata kumuuliza Nelito, aliyekuwa akipita na ng'ombe wa jirani, akimwonyesha kiwiko chake, kinaitwaje.

"Kiwiko," Nelito alimjibu, akamwangalia kwa huruma kidogo, akaendelea na ng'ombe.