Mkanda wa Usumani

Mtaa mzima wa Biryogo, Kigali, uliijua sheria ya Usumani, fundi nguo: mkanda wa kupimia ukishapita kiunoni, bei haigeuki. Umlipe leo, uijie nguo mwezi ujao, haongezi hata faranga moja. Wateja walimpenda kwa hilo, na yeye, tuseme ukweli, alijipenda kwa hilo kuliko wao.

Oktoba ya 1990, vita vilipoanza mpakani, mzee Nsengiyumva alikuja kutoka Ndera na bintiye Pudentienne. Alikuwa ameuza kahawa yake, akalipia gauni la harusi lote, kitambaa na ushonaji. Usumani akampima binti, akazitia pesa kibindoni. Satini hakununua. Alingoja apate wateja wengine wa satini nyeupe ili achukue joora zima kwa bei ya jumla. Ndio ujanja wake wa miaka yote, na haukuwahi kumponza.

Novemba redio ikatangaza kwamba faranga imeshushwa thamani. Usumani aliiacha chai yake mezani, akakimbilia kwa Silvère, mwenye duka aliyeleta vitambaa kutoka ng'ambo. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu.

"Kitambaa iko," Silvère alisema. "Bei ndiyo hakuna. Rudi kesho."

"Jana bei si ilikuwepo?"

"Jana dola ilikuwa rahisi. Kahawa yetu huko nje hainunuliwi vizuri, na vita inakula dola kidogo yenye ilibaki. Nikikuuzia kwa bei ya jana, joora ingine nitaleta na nini?"

Kesho yake bei ilikuwepo, nayo ilimkata Usumani maini. Pesa za mzee hazikufika hata karibu, na harusi ilikuwa wiki inayofuata. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Nsengiyumva alimkuta mashineni, hana anachoshona.

"Fundi, redio inasema sisi watu wa kahawa tutapata faida. Lakini hapo njiani nimeuliza sabuni, imepanda. Chumvi, imepanda. Sasa hiyo faida nitaionea wapi?" Alicheka, kisha akatazama huku na huku. "Gauni iko wapi?"

Usumani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akazitoa pesa, akaziweka mezani.

"Mzee, nilichelewa kununua. Pesa yako yote hii hapa, haijapungua hata moja."

Mzee hakuzigusa. "Hii si ile nilikupa, fundi. Ile ilikuwa gauni."

Usumani akaingia chumbani, akalitoa kopo alilokuwa akiwekea akiba ya cherehani ya kudarizi. Cherehani nayo ilitoka ng'ambo, kwa hiyo bei yake nayo ilikuwa imeshamkimbia. Alilimwaga kopo juu ya pesa za mzee, akaenda kwa Silvère, na Pudentienne akaolewa ndani ya satini.

Jumatatu alikuja Xavérine, jirani yake na mteja wake wa miaka mingi. Aliweka pesa mezani, akanyoosha mikono apimwe kama kawaida. Mkanda ulining'inia msumarini, na Usumani hakuinuka.

"Leta kitambaa kwanza, mama."

Xavérine alibaki na mikono yake hewani. "Hata mimi, Usumani?"

"Hata wewe."