Jina la Setla kwenye Msalaba wa Baba

Baba alipotoka hospitali, neno lake la kwanza halikuhusu moyo wake. Tulikuwa tumemshusha kutoka kwa gari pale nyumbani Njoro, mimi nimemshika mkono mmoja na dada yangu ule mwingine, akasimama katikati ya ua na kusema, "Nikikufa, msiniandikie jina ya huyo mzungu kwa msalaba."

Dada yangu akaanza kulia. Mimi nikakasirika.

"Mzee, si uingie kwanza ukunywe chai?"

"Chai nitakunywa. Lakini umesikia."

Nilikuwa nimesikia. Jina alilokuwa anakataa ndilo jina letu la ukoo. Liko kwenye kitambulisho changu, kwenye vyeti vya watoto wangu, na kwenye mlango wa ofisi ya shule ninakofundisha historia huko Lanet. Ni jina la Kiingereza kabisa. Nikiitwa kwenye ofisi za serikali, karani huangalia nyuma yangu kuona kama mwenyewe bado anakuja. Nimezoea. Nilishawahi hata kujivunia, kwa maana mtu akilisikia mara moja halisahau.

Tulilipata bila kuliomba. Babu alitoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye shamba la ngano la setla mmoja, mlowezi wa Kizungu, na karani wa shamba hakutaka kujisumbua na majina ya Kiluhya. Mahali pa jina la baba aliandika jina la mwenye shamba, yaani huyu ni mtu wa fulani. Likaingia kwenye kipande, kile kitambulisho cha wakati wa ukoloni, na kutoka hapo likaingia kila mahali. Setla alipouza akaenda zake, watu wa laini, yaani wafanyakazi waliokaa kwenye nyumba za shamba, waliungana wakanunua sehemu ya shamba lile lile, na hatimiliki ya Babu ikatoka na jina la setla. Aliondoka na ng'ombe, trekta na viti vyake, akatuachia jina.

Hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Ambayo sikuyajua Baba aliniambia wiki hiyo, akiwa amekaa nje juani na blanketi magotini.

Kila Jumamosi, alisema, baada ya watu kupokea posho, setla alikuwa anakaa kwenye veranda, karani kando yake, nyapara chini ya ngazi, na kesi za wiki zinasikizwa. Mbuzi wa nani ameingia kwa ngano. Nani hakuonekana kazini. Nani amepika pombe. Na aliyepika pombe, mara nyingi kuliko wote, alikuwa Kukhu, mama yake Baba.

Nilishtuka. Kukhu niliyemjua mimi alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, na busaa haikutajwa nyumbani kwake hata kwa mzaha.

"Alikuwa anapika," Baba akasema. "Na ilikuwa nzuri. Watu walikuwa wanatoka hadi shamba za mbali." Halafu akaniambia vile alivyomwona mama yake amepiga magoti kwenye changarawe mbele ya veranda, nyapara anamwaga mtungi, busaa inatiririka mpaka inamlowesha nguo. "Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Na huyo mwenye alikuwa kwa kiti, ndiye nabeba jina yake mpaka leo. Niende nayo hadi kaburini? Hapana."

Moyoni nilikataa. Nilimwona akilini amelala pale kwenye kona ya shamba tunakozika, chini ya jina lingine, na sisi watoto wake wote tukibaki na hili, kana kwamba tumezika mgeni. Nikamwambia hivyo hivyo, waziwazi.

Akalivuta blanketi juu. Kisha akasema, "Wewe si ulisoma Kilatini ya mapadre? Nitafutie hiyo jina ilianzia wapi. Kama ni ya mabwana tangu zamani, ipotee."

"Na ikiwa si ya mabwana?"

"Kuna mzungu mwenye si bwana, Padre?"

Ananiita Padre tangu nitoke seminari bila kupata upadre. Miaka thelathini na zaidi, na bado haijamchosha.

Kuanza hakukuwa kugumu. Setla alikuwa ameliita shamba lake kwa jina la kijiji cha kwao Uingereza. Jina hilo lilichongwa kwenye jiwe la lango, na sasa ndilo jina la steji ya bodaboda. Nikaandikia ofisi inayotunza kumbukumbu za sehemu ile, na mama mmoja mstaafu anayejitolea huko akaanza kunipigia picha za kurasa na kunitumia kwa barua pepe. Aliniuliza kama mimi ni mtu wa ile familia. Nikamjibu ndiyo na hapana, ni hadithi ndefu. Akasema hadithi zote zilizo mle ndani ni ndefu.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani sana, kabla wazungu hawajawaza kuvuka bahari kuja kwetu, kijiji kama kile kilikuwa shamba la bwana mmoja. Watu walilima vipande vyao kwa ruhusa yake, na siku kadhaa za juma walimlimia yeye. Kila baada ya majuma machache aliitisha baraza lake, au alimtuma msimamizi, na karani akaandika kesi zote kwa Kilatini kwenye ngozi za kondoo, zikashonwa na kukunjwa kama mkeka. Ngozi hizo zingine zipo hadi leo. Nilipofungua picha ya kwanza, haki ya Mungu, sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Kilatini cha misa ni kingine kabisa. Karani huyo alikuwa anakata maneno katikati kama vijana wanavyoandika kwenye simu, na kalamu yake ilikuwa mbovu.

Nikajifunza pole pole, Jumamosi alasiri, kwenye chumba cha walimu, wenzangu wakitazama mpira.

"Mwalimu anatafuta babu yake Uingereza," wakasema. "Akimpata atuombee visa."

Nilianza na kurasa za karibu, za wakati wa wale wafalme wa Tudor tunaowafundisha watoto kwa haraka kabla ya mtihani. Jina lilikuwepo. Mwenyewe alikuwa mzee wa baraza, mmoja wa wale wanaoapishwa kuamua kesi za wenzao. Alikuwa na ardhi nzuri kando ya mto, na hati yake ya kumiliki ardhi hiyo ilikuwa nakala ya maandishi ya baraza lenyewe. Nikaona nimekwisha. Mtu kama huyo wajukuu wake huishia kwenye veranda. Karibu niache hapo, nimwambie Baba sikupata kitu.

Lakini yule mama alikuwa ameshanitumia kurasa za zamani zaidi, miaka mia mbili nyuma. Katikati palikuwa na pengo, ngozi zimeharibiwa na unyevu. Na mle ndani, upande wa pili wa pengo, jina lile lile lilikuwa upande mwingine kabisa wa baraza. Ng'ombe wake wameingia kwenye ngano ya bwana, faini. Hakuja kuvuna, faini. Ameozesha binti yake bila ruhusa ya bwana, faini. Akafa, na bwana akachukua kwa mjane wake ng'ombe dume aliyekuwa bora zizini, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi. Kando ya jina lake karani ameandika neno la Kilatini lenye maana ya mzaliwa wa pale, mtu ambaye ni mali ya bwana na hawezi kuhama bila ruhusa yake. Ndiko wazungu walikotoa neno lao la "native", lile walilokuwa wakituita sisi. Nilisimama nikaizunguka meza. Mwalimu wa hesabu akaniuliza kama nimefiwa.

Na kulikuwa na jambo lingine. Karibu kila baraza lilitaja wanawake waliopika pombe na kuiuza kinyume cha sheria ya bwana. Miongoni mwao, baraza baada ya baraza, alikuwa mke wa huyo mtu wetu.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Njoro. Nilianza kwa kumwambia Baba ukweli wote, kwamba kuna pengo, na siwezi kuapa kwamba wa huku na wa kule ni damu moja na setla wetu.

"Kesi ni mzuri ama mbaya?" akauliza. "Soma."

Nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Alisikiliza vile anavyosikiliza habari za redio, macho yamefungwa.

"Hao ng'ombe waliingia kwa ngano walikuwa wangapi?"

"Hakuandika."

"Karani mvivu."

Nilipofika kwa lile neno la native, alifungua macho. Nikamweleza mara mbili. Alicheka mpaka dada yangu akatoka jikoni mbio, akidhani ni moyo. "Ati wao! Ati wao ndio walikuwa manative!" Akapangusa machozi. Halafu uso ukabadilika.

"Kwa hivyo walijua."

"Nani?"

"Hao watu. Walijua vile inauma, na bado wakakuja kutufanyia."

Nikasema ni zamani mno, huenda setla mwenyewe hakuwahi kusikia habari hizo. "Mtu anasahau aje ng'ombe ya kwao kuchukuliwa?" akanifokea, nami nikaanza kuzikunja karatasi. Nilidhani nimeshindwa. Nikaendelea tu kwa kuwa nilikuwa nimebakisha kidogo. Nikamsomea habari za mwanamke wa pombe.

"Walimwaga?"

"Haisemi. Wanamtoza faini tu. Na baraza linalofuata yuko tena."

"Amepika tena?"

"Tena na tena, Mzee. Miaka."

Akapiga mkono wa kiti. "Huyo ni mama! Huyo ni mama kabisa!" Kisha akainama mbele. "Aliitwa nani?"

"Mke wa fulani."

"Hiyo ni jina ya mume wake. Yake yeye mwenyewe?"

"Haiko. Karani aliandika hivyo tu kila mara, mke wa fulani."

Baba akageuza kichwa kuelekea kona ya shamba ambako Kukhu amezikwa. Msalaba wake unaonekana kutoka pale uani. Umeandikwa Mama, kisha jina la Baba, kisha jina la setla. Nimeupita maisha yangu yote. Nilimaliza darasa la nane, nikaenda seminari, nikafundisha historia ya watu wa mbali kwa miaka na miaka, na ndipo hapo, kwenye kiti cha plastiki nikiwa na karatasi za Uingereza mkononi, nilipogundua kwamba sijui Kukhu aliitwa nani. Nyumbani tulimwita Kukhu. Majirani walimwita Mama fulani. Huko kwetu mtoto hamtaji mama yake kwa jina, wala mkwe, wala mjukuu, na waliokuwa wakilitaja walishakufa. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Baba akalitaja. Alilitaja polepole, kama mtu anayeogopa kusikika, halafu akalirudia kwa sauti. Dada yangu alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Hata yeye hakuwa amewahi kulisikia.

"Andika hiyo," Baba akaniambia. "Mwana wa, halafu uandike hiyo."

"Na ya mzungu?"

Aliutazama tena msalaba wa Kukhu. "Wacha ikae. Hata yenyewe ilitozwa faini."

Alituacha ngano ikiwa inavunwa. Nilienda mwenyewe kwa fundi pale Njoro nikamwagiza misalaba miwili. Wa Kukhu ulikuwa rahisi, neno moja tu, jina lake mwenyewe. Wa Baba, fundi alisoma karatasi yangu akaniuliza kama sijakosea, kwa maana watu huandika mwana wa baba. Nikamwambia aandike vile ilivyo, na aanze na mstari wa chini, wenye jina la Kukhu, ili asikose nafasi. Alifanya hivyo. Ubao ulikuwa mfupi, na jina la Kukhu ni refu, kwa hiyo la setla lilibanwa pale juu kwa herufi ndogo.